Stendi ya mbao ya kukunja kwa ajili ya banda la maonesho: inavutia, ila bawaba zake ni majanga

Naandika hii nikiwa bado nina hasira, mtanisamehe. Ni kuhusu zile stendi za mbao zenye umbo la ngazi, za kukunja, wanazotuuzia sisi tunaoenda maonesho ya kazi za mikono. Vipimo mtajitafutia wenyewe, mi nina shida na bawaba. Zimeshikwa na skrubu fupi kama meno ya mtoto, halafu zimeingia kwenye mbao laini, ukikunja na kukunjua kwa muda tundu linapanuka na skrubu inabaki inazunguka tu, haishiki. Sasa stendi ya kukunja isipokunjwa ifanywe nini?

Ilivyotokea ni hivi. Nimefika asubuhi na mapema, hema nimelifunga mifuko ya mchanga kila mguu, vyombo nimepanga vizuri, mabakuli mazito chini, vikombe vya udongo juu. Akaja mama mmoja, stendi hajaigusa, kainua kikombe tu ajaribu mkono kwenye kishikio, nikasikia "tk". Shelfu ya juu ikainama mbele taratibu, vikombe vikaanza kuteleza kimoja kimoja, nikadaka nilivyoweza, vingine chini pwaa! Yule mama wa watu akawa ananiomba msamaha mimi, na alishaanza kuulizia seti nzima. Akaondoka mikono mitupu.

Nikampigia muuzaji. "Dada, kwani uliweka nini?" Vikombe. "Aaa, hiyo ni ya dispulei, si ya kubebea vitu." Dispulei ya nini sasa, ya hewa? Akasema nitume picha, nikatuma, skrubu imening'inia na vumbi la mbao linaonekana kabisa, akanijibu kwa kidole gumba. Basi. Kidole gumba, hamna neno, hamna pole.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii stendi inauza, nikisema haiuzi nitakuwa muongo. Zamani nilikuwa natandaza kila kitu mezani, na mtu anayepita haangalii chini, anaangalia mbele, kwa hiyo ananipita kama sipo. Nilipopandisha vikombe usawa wa macho watu wakaanza kusimama. Mengine yote nilishayafanya, kitambaa cha rangi moja kimeshuka mpaka chini kuficha maboksi, bei iko kwenye kila kitu maana wengi wanaona haya kuuliza, taa ni za mwanga wa manjano, kama 3000K hivi (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi la taa), kwa sababu zile nyeupe zenye ubluu zinaufanya udongo mwekundu uonekane umepauka kama mgonjwa. Na banda la mita 3 kwa 3 ukiweka meza mbele unawafungia watu nje, mi nimeweka pembeni waingie. Lakini bila urefu hivyo vyote mtu anaviona akishafika karibu, na tatizo lenyewe ni kumfikisha karibu. Makreti yaliyopinduliwa yanafaa pia, hayaanguki, ila kuyabeba utajuta, gari lote yanajaza yenyewe.

Kwa hiyo msinunue. Au labda kama unauza hereni, kadi, vitu vyepesi, nunua tu. Hapana, hata hereni, ikianguka mbele ya mteja aibu ni ileile.

Mi ya kwangu nimeng'oa skrubu zote, nikapitisha bolti mpaka upande wa pili wa mbao nikakaza na nati, halafu nikafunga cheni fupi kati ya miguu ya mbele na ya nyuma isijitanue. Sasa imetulia, inabeba mpaka mabakuli, na watu wanaisifia wanauliza nimeitoa wapi! Nilikuwa nimeipa nyota moja, nikapandisha tatu, halafu nikakumbuka kile kidole gumba. Moja.