Mota ya feni ya fanesi, nguvu farasi (hp) 1/2 ya spidi nne: inafaa, ila soma hapa kabla hujakubali kuuziwa fanesi nzima

Nawaandikia zaidi Waswahili wenzangu mlioko huku kwenye baridi, Minnesota, Ohio, Canada, kokote ambako nyumba inategemea fanesi ya gesi, ile mashine inayopasha hewa joto na kuisukuma vyumbani. Mwezi wa kwanza fanesi yetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, iligoma, nje ni baridi ile ya kuuma pua, na kampuni ya kwanza tuliyoiita ikasema mashine imezeeka tununue mpya, dola elfu sita na ushee, na ukisaini leo leo unapunguziwa kidogo. Ikaishia kutengenezeka kwa chini ya dola mia nne pamoja na hela ya fundi. Kwa hiyo nasifia vitu vitatu hapa, mota yenyewe, kaunta ya vipuri tuliponunua, na yule fundi, na naanza na dalili maana hapo ndipo watu wetu wengi wanapigwa.

Dalili zilikuwa hivi. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, inaita joto, unasikia kile kifeni kidogo cha kutoa moshi kinaanza, kile kijiti cha kuwashia kinaiva chekundu, gesi inaingia, moto wa bluu unawaka vizuri kabisa, halafu hewa haiji. Feni kubwa ilitakiwa iingie kama nusu dakika hivi baada ya moto kuwaka, yetu inanguruma tu mmmmm bila kuzunguka, baadae moto unazimika wenyewe. Inapoa, inajaribu tena, inazimika tena, mwisho inajifungia inakataa kabisa. Sasa mtu asiyejua atasema fanesi imekufa, kumbe inajilinda: joto likikosa hewa ya kulisukuma kwenda vyumbani linabaki ndani, ile swichi ya kuzuia joto kupita kiasi inakata gesi. Kwenye bodi ya umeme ya fanesi kuna ka-taa kadogo kekundu kanakopepesa, na mgongoni mwa mlango wa fanesi kuna karatasi imebandikwa inayosema ukihesabu mipepeso kadhaa maana yake nini. Angalieni kale ka-taa kabla hamjazima chochote, ukizima umeme ujumbe unaweza kupotea. Yetu ilikuwa inasema swichi ya joto imekata, basi, haikusema fanesi mbovu.

Na hiyo swichi jamani msiiruke kwa waya. Nimeshasikia watu wanashauriana hivyo ili nyumba ipate joto usiku mmoja. Chuma cha ndani kinachotenganisha moto na hewa mnayopumua kikipata joto kupita kiasi kinaweza kupasuka, na kikipasuka gesi ya sumu ya moshi, ile isiyo na harufu, inaweza kuingia vyumbani. Tena nasema kwa moyo wote, fanesi ikizima msiingize jiko la mkaa ndani, na msiwashe oveni mkaiacha wazi. Sumu ni ile ile iliyoua watu nyumbani waliolala na jiko chumbani. Sisi tulitumia hita za umeme, moja ya wati 1500 inakula ampea 12.5, kwa hiyo breka ya ampea 15 haibebi mbili, weka kila moja kwenye laini yake, chomeka ukutani moja kwa moja bila waya wa kuongezea, na mbali na mapazia na magodoro. Bomba za jikoni tukaacha zinatiririka kidogo kidogo zisigande.

Yule fundi ni kijana wa Kenya, tulipewa namba yake kanisani, ana leseni yake na aliionyesha bila kuombwa. Kitu cha kwanza hakutoa bei. Aliniambia, "Dada, tuangalie kwanza nini imekufa." Akaweka themostati kwenye feni peke yake bila joto, ikanguruma vile vile. Akazima swichi ya fanesi, akafungua milango, akaingiza mkono akazungusha ile ngoma ya feni. Hapa ndipo pa kuelewa. Feni ikizunguka kwa mkono laini kabisa lakini kwa umeme haianzi, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kale kakopo ka fedha kenye waya mbili, maana mota ya aina hii bila kapasita inakuwa kama gari lisilo na selfu, ukilisukuma linaondoka. Kapasita ni dola kumi, kumi na tano, na kuna watu wamelipishwa mota nzima kwa ajili ya kapasita. Feni ikiwa nzito au inakwaruza, beringi zimekwisha.

Ya kwetu ilikuwa nzito. Bado hakuishia hapo. Alimaliza chaji ya kapasita kwanza (inashika umeme hata fanesi ikiwa imezimwa, msiiguse hivi hivi), akaipima, imeandikwa 7.5 mikrofaradi ikasoma karibu kabisa na hapo, nzima. Akapima umeme unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye mota, volti 120 zipo, kwa hiyo bodi nzima. Halafu akanishikisha mkono karibu na mota yenyewe, joto lake lilikuwa linatisha ingawa haikuzunguka hata mara moja, na ukinusa unapata ile harufu ya vanishi ya koili iliyoungua. Bodi imepona, kapasita imepona, gesi imepona, mota peke yake. Ndio maana nikamwamini, kila alichosema nilikiona kwenye mita.

Dukani sasa. Kaunta nyingi za vipuri vya fanesi zinauzia mafundi tu wenye akaunti, hii yetu inauzia mtu yeyote, na ndio sababu ya kwanza naipenda. Mzee wa pale kaunta hakuuliza fanesi ni ya kampuni gani, aliuliza picha ya kibao cha mota, ile lebo ya vipimo iliyobandikwa juu yake. Kwenye kibao unatakiwa usome volti (115), nguvu (1/2), mizunguko (1075 kwa dakika), ampea, upana wa mota, unene wa shafti, yaani kile chuma kinachozunguka (nusu inchi), na upande inaozunguka. Ukiwa na hivyo huna haja ya mota yenye jina la kampuni ya fanesi, ya yunivesali inaingia kwa bei ndogo zaidi, na pale rafuni zipo Century, Fasco, US Motors, chagua inayolingana na kibao. Ya kwetu ilikuwa dola 160 na kitu. Yule mzee akaweka na kapasita mpya juu ya kaunta akasema mota mpya ifunge na kapasita mpya, halafu akaangalia mchoro wa mota akatoa ya ukubwa ulioandikwa pale, sio wa ile ya zamani. Hilo ni la muhimu sana, kapasita inafuata mota.

Angalizo kubwa: kama fanesi yako ni ya miaka ya karibuni usikurupuke kununua hii. Marekani kanuni ya kupunguza umeme wa feni za fanesi ilianza tarehe 3 Julai 2019, kwa hiyo nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo zina mota za ECM, zile zenye kibodi chao mgongoni, hazina kapasita ya nje, na bei yake ni nyingine kabisa. Hiyo haibadilishwi kwa kubahatisha, utafute inayolingana nayo kabisa.

Kuifunga. Alizima umeme na kufunga gesi, akapiga picha waya zote, akafungua boliti mbili za mbele, kasha la feni lote likateleza likatoka. Kazi ngumu ilikuwa kutoa mota kwenye ngoma, skrubu inayobana shafti ilikuwa imeshika kutu, alipulizia mafuta, akasubiri, akasugua shafti kwa msasa mpaka ikang'aa ndipo ikachomoka bila nyundo. Ukipiga nyundo unapinda ngoma na itatetema mpaka mwisho wa maisha yake. Kabla hajaitoa alipima shafti imeingia kiasi gani ili mpya ikae pale pale, ngoma isikwaruze pembeni. Ule mkanda wenye miguu mitatu unaoshika mota haukuja kwenye boksi, tukatumia wa zamani, kwa hiyo msiutupe.

Waya: nyeupe ni ya kurudisha, nyeusi spidi ya juu, nyekundu ya chini, bluu na njano za katikati, kahawia mbili zinaenda kwenye kapasita. Hizi rangi nyingi zinafuata hivyo lakini soma mchoro wa mota yako. Spidi usizotumia kila waya unafungwa kofia yake peke yake, ukizifunga pamoja unaiunguza mota mpya. Na hii inazunguka pande zote mbili, kuna viplagi viwili vya waya unavibadilisha. Hakikisheni upande kabla ya kurudisha kila kitu, feni ikizunguka kinyume hewa bado inatoka ila dhaifu, unaweza kukaa wiki unashangaa kwanini vyumba vya juu ni baridi.

Alipowasha hakuondoka. Akapima ampea, ziko chini ya zile za kwenye kibao. Akapima joto la hewa inayoingia na inayotoka, maana fanesi yenyewe imeandikwa tofauti inayoruhusiwa, yetu ni digrii 35 hadi 65 za Farenhaiti, ikawa 52. Ndio njia ya kujua spidi uliyochagua ni sahihi. Kampuni ile ya kwanza hawakutoa hata mita kwenye begi.

Mota yenyewe naionaje baada ya winta yote? Kimya, ukikaa sebuleni husikii inapoanza, unasikia hewa tu. Waya zake ni ndefu mno kwa nafasi iliyopo, ilibidi zikunjwe na kufungwa vizuri zisifike kwenye ngoma. Karatasi ya maelekezo ina maandishi madogo kupita kiasi na mchoro wa kubadili upande wa kuzunguka unahitaji tochi na subira. Kapasita inauzwa pembeni na watu wengine wanagundua wakiwa wameshafika nyumbani, uliza kabla hujalipa. Basi, sina lingine la kuilaumu.

Kuhusu filta, fundi alitukuta na nene sana iliyojaa vumbi. Hii mota inapozwa na hewa ile ile inayopita, hewa ikibanwa mota nayo inachemka. Sasa tunaiangalia kila mwezi winta ikiwa kali.

Mota nyota nne, pungufu ni maelekezo. Duka tano, nendeni na picha ya kibao, sio jina la fanesi. Fundi tano. Na kampuni yoyote inayokwambia ununue mpya, waulize kwanza kapasita imesoma ngapi na kwenye waya za mota kuna volti ngapi, wakishindwa kujibu lipeni hela ya kuja kuangalia tu na mtafute mwingine.