LG OLED C2 ya inchi 42: picha ya hali ya juu, sauti ya kuongezewa spika

Televisheni ya LG OLED C2 iliyotoka mwaka 2022 ndiyo ya kwanza katika mfululizo wa C kutengenezwa kwa ukubwa wa inchi 42, na kwa sebule za mjini ambamo kochi liko kama mita mbili kutoka ukutani, ukubwa huo unatosha bila kumlazimu mtu kupangua samani. Anayefikiria kuinunua ajue mapema kwamba fedha yake karibu yote inakwenda kwenye kioo.

Kioo hicho hakina taa nyuma yake. Kila nukta, na zipo zaidi ya milioni 8, hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo palipo na giza pamezimwa kabisa. Tofauti yake na LED ya kawaida huonekana mara moja katika tamthilia ya usiku, pale uso mmoja unapomulikwa na koroboi na nyuma yake hakuna kitu: giza hubaki jeusi, halichujuki likawa kijivu, wala mwanga wa koroboi hauvuji ukatengeneza ukungu kuzunguka kichwa. Ngozi nyeusi, ambayo runinga nyingi za bei nafuu huigeuza doa moja lisilo na umbo, hapa huonyesha wekundu wake, jasho lake na kivuli cha shavu. Hata aliyekaa pembeni kabisa kwenye mkeka huona rangi zilezile anazoziona aliyekaa katikati.

Udhaifu wa picha yake uko mchana. Matoleo ya inchi 42 na 48 hayakupewa nguvu ya mwanga iliyopewa ya inchi 55 na kuendelea, na kioo chenyewe kinang'aa, hivyo ukiiweka ikitazamana na dirisha lisilo na pazia zito utaangalia zaidi sebule yako kuliko taarifa ya habari. Vilevile skrini nzima ikijaa weupe, mwanga hupungua kidogo ili kulinda kioo, jambo ambalo mtazamaji wa filamu hatalijali sana lakini mtu anayeitumia kama skrini ya kompyuta ataligundua siku ya kwanza.

Mipangilio inayokuja nayo kutoka kiwandani haiitendei haki. Picha huwa imefifishwa kwa ajili ya kubana umeme, na mwendo umelainishwa kiasi kwamba filamu nzuri huonekana kama igizo lililorekodiwa studio kwa haraka. Kwa filamu, chagua Filmmaker Mode na ulainishaji huo utaondoka wenyewe; kwa mpira unaweza kuurudisha kidogo, kwa kuwa jicho hupenda kuufuata mpira bila mikwaruzo. Mpira wenyewe lakini hutegemea king'amuzi. Prosesa ya televisheni hii hujitahidi kuikuza picha hafifu, na nyasi hupata uhai, ila chaneli iliyobanwa sana kabla ya kurushwa hewani itabaki na kingo zilizokatikakatika kwenye wachezaji wa mbali. Kulipa fedha ya OLED kwa ajili ya chaneli za bure peke yake ni anasa isiyo na faida.

Kuhusu sauti sina mengi. Spika zina wati 20, nusu ya zile za inchi 55, na zimeelekezwa chini. Maneno ya mtangazaji husikika wazi. Ngoma na besi hazipo. Mwenye sabufa au spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni aiunganishe kwenye HDMI namba 2, ambayo ndiyo yenye eARC, yaani njia ya kupeleka sauti ya televisheni kwenye spika, au atumie tundu la waya wa mwanga (optical).

Lipo jambo la sauti linalowagusa hasa wanaojaziwa filamu kwenye flashi mtaani. Faili nyingi za picha kubwa huja na sauti iliyofungashwa kwa mfumo wa DTS, na LG waliuondoa mfumo huo katika matoleo ya 2020 hadi 2022, hii ikiwemo. Faili hufunguka, picha inameremeta, na chumba kimya. Filamu zilizoingizwa sauti ya Kiswahili kwa kawaida hazina tatizo hilo, maana sauti yake ni ya mifumo myepesi. Anayeishi kwa flashi ni afadhali aitafute C3 ya 2023, ambayo DTS imerudishwa.

Kwenye viunganishi imejaaliwa. Ina matundu manne ya HDMI, na yote manne hupokea 4K kwa picha 120 kwa sekunde, kwa hiyo PlayStation 5, kompyuta, king'amuzi na spika hukaa pamoja bila mtu kuinama nyuma ya televisheni kuhamisha waya. Rimoti yake yenye kishale kinachofuata mkono hurahisisha kuandika nywila ya Wi-Fi, ingawa ukurasa wa mwanzo umejaa matangazo kupita kiasi. Miguu yake miwili imeachana sana. Pima meza yako kwanza.

La mwisho ni desturi ya kuzima kila kitu ukutani kabla ya kulala. Kila baada ya saa 4 za matumizi kwa jumla, televisheni hii hurekebisha nukta zake kimyakimya ikiwa imezimwa kwa rimoti huku ikiendelea kupata umeme, na ndiyo kinga yake dhidi ya nembo ya chaneli au ubao wa magoli kubaki kama kivuli kwenye kioo. Anayechomoa waya kila usiku huinyima nafasi hiyo. Izime kwa rimoti, iache kwenye umeme, na kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, iwekee kilinda umeme badala ya kuitoa ukutani.