Linalopigwa Picha Sana Silo Shimo Bora: Uzoefu Wangu Kwenye Gofu ya Kando ya Ziwa

Nakaa Mwanza, na gofu naichezea kwenye uwanja mdogo wa mashimo 9 ufukweni mwa Ziwa Victoria (shimo kwenye gofu ni njia nzima, kuanzia pa kupigia mpira wa kwanza hadi kwenye kikombe, tundu lenye bendera). Wengi wakiusifia huanzia shimo la 4. Ni la mikwaju 3, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mipigo mitatu: unasimama kilimani, chini kuna ghuba, na grini, uwanda wa nyasi fupi wenye kikombe, iko ng'ambo ya maji, mitumbwi ya wavuvi ikipita nyuma ya bendera. Kila mgeni hutoa simu. Kwa mandhari nalipatia alama zote. Kwa usanifu, ndilo dhaifu kuliko yote pale.

Tatizo ni kwamba halikupi la kuamua. Mbele ni maji matupu, pembeni hakuna pa kupitia. Mwenye nguvu anavusha bila hata kufikiri. Mwanamke au mzee asiyefikisha umbali ule anaongezewa mkwaju wa adhabu, kisha anadondosha mpira upande uleule alioshindwa kuvukia. Alister MacKenzie, aliyesanifu uwanja maarufu wa Augusta National, Marekani, pamoja na mchezaji Bobby Jones, alishikilia kwamba mchezaji dhaifu awekewe njia nyingine, hata kama itamgharimu mkwaju. Hapa wangeweka tu eneo la pili la kuanzia, chini kulia, ghuba inapokuwa nyembamba.

Shimo la 5 sitalisema sana. Bunka lake, yaani shimo la mchanga la kutegea mipira, linanasa mipira ya wasiofika mbali, wapigaji wakali wanaliruka.

La 7 ndilo linalonirudisha. Mikwaju 4, linapinda kushoto kufuata ufukwe. Wazo hili msanifu Charles Blair Macdonald alilipa umaarufu kwenye shimo la 14 la uwanja wa National Golf Links of America: kata maji kadiri ya ujasiri wako, na kadiri unavyokata zaidi, ndivyo mkwaju wa pili unavyokuwa mfupi. Kulia kuna ukoka mpana, salama kabisa, ila ukitokea huko jabali linakuziba nusu ya grini, na grini yenyewe inateremkia ziwani. Mara ya kwanza kedi, mbeba fimbo zangu, aliniambia, "Mama, kulia utalala salama, lakini mkwaju wa pili utaulipia." Niliulipia kweli, na nikaondoka nimefurahi, maana njia niliichagua mwenyewe.

Halafu kuna upepo. Asubuhi unatoka nchi kavu na kuusukuma mpira majini, kwa hiyo unalenga kulia. Alasiri unageuka, unatoka ziwani, na hapo unaweza kuuelekeza mpira juu ya maji ukijua utarudishwa. Shimo lilelile, maswali mawili tofauti kwa siku moja. Msanifu aliyelilaza vile alilijua ziwa.

Kasoro ipo, tena si ndogo: mteremko wa grini ni mkali mno. Kikombe chenyewe kina upana wa milimita 108 tu, nacho kinahitaji kuzungukwa na sehemu tulivu. Pale sehemu za namna hiyo ni mbili, moja juu, moja chini. Ya juu nyasi zimelika kwa kukanyagwa, ya chini hutuama maji mvua ikinyesha. Kuisawazisha robo moja tu ya nyuma kungetosha, na shimo lisingepoteza ukali wake.

Alama zangu: la 7, 8 kwa 10. La 4, 4 kwa 10. Ukienda, anza saa 9 alasiri, upepo ukishageuka.