GoPro Hero12 Black au DJI Osmo Action 4: kamera ipi ya kwenda nayo milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi, Uganda?

Zote zilitoka 2023 na zote zinaenea kiganjani: Hero12 gramu 154, Action 4 gramu 145. Uzito usikusumbue. Kinachoamua ni mwanga.

Chini ya miti ya Bwindi huwa gizagiza hata mchana, na flashi mbele ya masokwe hairuhusiwi. Hapo Action 4 inashinda waziwazi: kihisi chake, yaani sehemu inayonasa mwanga, ni inchi 1/1.3, kikubwa kuliko cha Hero12 cha 1/1.9. Kihisi kidogo huilazimisha kamera kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na kila hatua yako huacha ukungu kwenye video. Ukungu huo hauondolewi na utulizaji wa mtikisiko, hata uwe mzuri namna gani.

Juu Rwenzori, kukiwa na jua, Hero12 inajibu: inarekodi video ya 5.3K (picha yenye nukta nyingi zaidi) kwa fremu 60 kwa sekunde, mwenzake anaishia 4K. Ukitaka kukata sehemu ya picha ubakize kilele cha Margherita (mita 5,109) pekee, nafasi ipo.

Betri zinakaribiana, mAh 1,720 na 1,770. Beba tatu, mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi. Ukiingia kibandani usiitoe kamera mara moja. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo lenzi itashika mvuke.

Mvua? Hero12 inastahimili maji hadi kina cha mita 10, Action 4 hadi 18: zote zinatosha, mradi ufute mchanga kwenye mpira wa mlango wa betri. Anayekwenda zaidi msituni achukue Action 4.