Inveta ndogo ya gari la kambi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akishafunga sola juu ya gari lake, swali linalofuata huwa ni moja: "Fundi, nichukue inveta ya wati ngapi?" Nikimwambia mia tatu zinamtosha, ananitazama kama nimelitukana gari. Dukani ameshaonyeshwa ya elfu mbili, ina feni mbili na kioo kinachowaka namba za kijani, na bei haijapishana sana na hiyo ndogo ninayomtajia. Kwa nini achukue ndogo?

Kwa sababu inveta haizalishi umeme. Inachota volti 12 za betri yako, inakupa 230 kama za ukutani, na kwa kazi hiyo inajilipa yenyewe kutoka kwenye betri hiyohiyo. Kubwa inajilipa zaidi.

Mimi hufunga vifaa hivi Arusha, mara nyingi kwenye Land Cruiser zenye hema juu, betri ya pili nyuma ya kiti, na sola ya wati 100 hadi 200 kwenye keria. Hesabu zangu ni za gari la namna hiyo. Ukiwa na basi zima lililogeuzwa nyumba, hesabu zako ni nyingine.

Kalamu kabla ya pochi

Chukua safari ya watu wawili, Tarangire mpaka Ziwa Natron. Laptopu ya wati 60 inachajiwa saa tatu: wati-saa 180. Chaja mbili za betri za kamera, wati 15 kila moja, saa mbili: 60. Simu, tuseme 60 nyingine. Mashine ya kunyolea ndevu ni kama haipo. Jumla 300. Inveta nzuri inapoteza kama sehemu moja ya kumi njiani, kwa hiyo betri itatoa 340 hivi, ukigawa kwa volti 12 ni ampea-saa 28.

Weka na friji. Friji la kompresa la lita 40 linalotumia volti 12 moja kwa moja (hilo halipiti kwenye inveta, na usilipitishe) linakula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku, na Natron, ambako hata kivulini kunachemka, linaweza kuzidisha. Betri ya AGM (aina ya betri ya asidi iliyozibwa, haiongezwi maji) ya ampea-saa 100 ukitaka idumu unatumia nusu yake tu. Sola ya wati 150, kwa jua letu la saa tano nzuri na hasara za joto na vumbi, itakurudishia ampea-saa 40 na kidogo. Unaona mwenyewe: maisha yanakwenda, ila hakuna cha kumwaga.

Sasa ingiza ile ya elfu mbili. Inveta ikiwa imewashwa bila kuchomekwa kitu bado inakula. Kubwa za bei nafuu ninazozipima kwa mita hukamata kati ya ampea moja na mbili zikiwa zimekaa tu. Ampea moja na nusu kwa saa 24 ni ampea-saa 36. Umejifungia friji la pili ndani ya gari, tena lisilopoza hata soda.

Hili sikulisoma mahali. Miaka ya mwanzo nilifunga ya wati 1500 kwenye gari langu mwenyewe, nikaisahau ikiwa imewashwa tukiwa kambi ya Seronera. Saa tisa usiku ikaanza kulia piii, piii, piii. Kambi ile haina uzio, fisi wanapita chini ya ngazi ya hema wakinusa masufuria, na swichi iko nyuma ya gari. Tuliisikiliza ikilia mpaka ikajizima yenyewe. Inveta nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5, na betri ya asidi ikifika hapo ilishakwisha zamani. Asubuhi nyama imetoka maji, siagi imekuwa uji, na mke wangu hakusema neno mpaka lango la Naabi, la kutokea Serengeti.

Ninavyozipanga

Namba moja ni kutonunua inveta kabisa, na nasema hivi huku nikijua inanipunguzia kazi. Siku hizi laptopu nyingi huchajiwa kwa USB-C, na zipo chaja za kuchomeka kwenye volti 12 za gari zinazotoa wati 65 au 100. Simu, kamera nyingi mpya, taa, spika, vyote vinaingia humo. Hakuna kupandisha umeme mpaka 230 halafu chaja ya laptopu iushushe tena mpaka 20. Unaruka safari mbili za hasara. Pitia vifaa vyako kimoja kimoja kabla hujatoka nyumbani. Ukikuta ni kimoja tu kinachodai soketi ya ukutani, jiulize kama hicho kimoja hakina chaja yake ya gari.

Namba mbili, na ndiyo ninayoifunga zaidi, ni inveta ya wati 300 hivi yenye wimbi safi, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Kwenye boksi tafuta maneno "pure sine wave". Umeme wake unapanda na kushuka taratibu kama wa gridi. Zile zilizoandikwa "modified sine wave" zinapanda kwa ngazi, kama mtu anayeruka vidato, na vyombo vingine havipendi: feni inavuma, mota inapata moto, baadhi ya chaja ndogo za mashine za kunyolea na miswaki ya umeme hufa mapema. Wenye redio kol kwenye gari nao watakuambia habari ya mlio unaoingia ukiwasha inveta mbovu.

Kwa mfano wa jina, Victron Phoenix 12/375 ni ya kundi hili, na ni mfano mzuri wa namna ya kusoma lebo. Ile 375 ni VA, yaani volti mara ampea. Wati zake halisi ni 300, tena kwenye joto la nyuzi 25. Joto likipanda, uwezo unashuka. Ikikaa bila mzigo inakula wati tano na ushee, karibu ampea nusu, na ina hali ya kusinzia inayopunguza hata hizo. Inabeba kwa muda mfupi mara mbili ya wati zake, jambo linalosaidia kitu chenye mota kinapoanza kuzunguka. Bei yake itakufanya umeze mate. Zipo nyingine za bei ya kati zinazofanya kazi hiyo vizuri. Cha kudai ni wimbi safi, ulaji wa chini ikiwa haina mzigo, na nguzo za kufungia waya kwa bolti. Ile yenye waya mwembamba uliotoka nayo kiwandani na vibanio vya mamba, iache.

Namba tatu ni zile ndogo za wati 100 au 150 zinazochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Zinafaa kwa laptopu moja au chaja za kamera, na kwa anayekodi gari haharibu chochote. Ila lijue tundu lenyewe: kwenye magari mengi fyuzi yake ni ya ampea 10 au 15. Kumi mara volti 12 ni wati 120, basi. Ukiona inayouzwa ya wati 300 na plagi yake ni ya tundu hilo, mwenye duka anakuuzia fyuzi zilizoungua.

Namba nne, wati 800 mpaka 1000, wimbi safi. Huyu ni mtu wa blenda, au fundi anayebeba drili. Sina ubaya naye. Ila ajue kwamba wati 1000 kwenye volti 12 ni ampea karibu 95, na betri ya AGM ya ampea-saa 100 ukiichota kwa kasi hiyo volti zinaporomoka na inveta inapiga kelele hata kama betri imejaa. Kwa ukubwa huu nenda na betri ya lithiamu, nayo uhakikishe ile saketi ya ulinzi ndani yake inaruhusu ampea 100 au zaidi. Na kama unachokitaka ni birika la umeme, nunua mtungi mdogo wa gesi. Maji ya chai kwa gesi hayajawahi kumzimia mtu friji.

Kuhusu zile betri za boksi zenye inveta, kontrola (kidhibiti cha umeme wa sola unaoingia kwenye betri) na soketi vyote ndani: ni nzuri kwa mtu asiyetaka kutoboa gari, lakini ikiharibika sehemu moja unalaza yote. Kwa gari ambalo tayari lina sola na betri ni kulipia vitu mara mbili.

Mkiani kabisa ni inveta ya wimbi la ngazi, wati 2000 au 3000, bei ya kutupa.

Lebo haisemi ukweli, fyuzi husema

Dukani igeuze inveta utazame nyuma yake. Nyingi zina fyuzi za rangi kama zile za gari. Soma namba, jumlisha, zidisha kwa 12. Ikiwa na fyuzi mbili za ampea 20, hiyo ni 40 mara 12, wati 480, na hapo hujatoa hasara, hata kama mbavuni wameandika 2000. Nilishawahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji wa duka moja mjini, akanichukua pembeni akaniomba nisipige hesabu kwa sauti. Kama fyuzi ziko ndani, pima kwa mkono: kitu cha wati elfu moja za kweli kina uzito, na nguzo zake za betri ni nene kama kidole, siyo kama penseli.

Tazama tena volti na soketi. Watu wanaletewa zawadi na ndugu walioko Marekani, inveta safi kabisa, lakini inatoa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati vyombo vyetu ni 230 na 50. Soketi ya pini tatu za bapa ndiyo yetu. Na upande wa kuingiza, hakikisha gari lako ni volti 12 kweli: Fuso na baadhi ya Land Cruiser za zamani zilizotoka Japani ni 24.

Nenda na chaja yako ya kamera na kifeni kidogo cha umeme wa ukutani, uvijaribu hapohapo. Feni ikivuma kuliko inavyovuma nyumbani, wimbi si safi, lebo iseme itakavyo.

Kufunga

Hapa ndipo nakutana na makosa mengi, na moja linaongoza. Kontrola ndogo ya sola huwa na matundu sita: mawili ya sola, mawili ya betri, na mawili yenye kialama cha taa. Watu huunganisha inveta kwenye ya taa. Hayo ni ya taa na chaja za simu, ampea 10 au 20 hivi, na inveta inapowashwa tu inavuta mkupuo mkubwa wa kujaza kapasita zake, yaani vihifadhi vidogo vya umeme vilivyo ndani yake. Kontrola inakufa, halafu lawama anapewa mwenye sola. Inveta inakwenda kwenye betri, nguzo kwa nguzo.

Kwa wati 300, waya wa milimita za mraba 10, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 40 kando kabisa ya betri upande wa chanya. Fyuzi ni ya kulinda waya usiwake moto, ndiyo maana haiwekwi kule mwisho kwenye inveta. Kwa wati 1000 panda mpaka milimita 35 na fyuzi ya 125. Ukigusisha waya wa mwisho utaona cheche ndogo. Ni kapasita zinajaa, usiogope. Cha kuogopa ni kubadili nyekundu na nyeusi. Sekunde moja inatosha.

Usiifunge karibu na injini, wala usiifukie chini ya magodoro. Inahitaji hewa. Barabara za mawimbi kama ya kuingilia Serengeti hulegeza kila bolti, kwa hiyo weka washa za kukamata (pete za chuma zinazozuia bolti kulegea) na uzikaze bolti upya baada ya safari ya kwanza. Vumbi la Natron ni jeupe, laini, na lina chumvi. Kila mwezi puliza feni kwa pampu ya tairi.

La mwisho ni swichi. Inveta nyingi nzuri zina tundu la kuunganisha swichi ya mbali, waya mbili nyembamba tu. Iulizie kabla hujalipa. Yangu nimeivuta mpaka kando ya ngazi ya hema, mahali mkono unapofika bila mtu kushuka.