Mzee wa Kipawa anayekagua logibuku: kanipunguzia saa 12.7, na nitarudi

Nilimpelekea logibuku yangu, kitabu ambamo rubani huandika saa zake za kuruka, nikiwa na saa 208.4, nimeshajiandaa kuomba leseni ya urubani wa biashara, ambayo kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka saa 200, au 150 kwa aliyesoma kwa mfululizo kozi iliyoidhinishwa. Mimi nilisoma kwa vipande vipande, kwa hiyo 200 ndiyo yangu.

Ni mwalimu mstaafu, anafanyia kazi barazani kwake, si mbali na Terminali 1 ya uwanja wa ndege wa Dar. Anaweka rula chini ya mstari, anasoma kwa sauti, anauliza. Mstari kwa mstari, saa tatu nzima. "Hapa ulikuwa nani ndani ya ndege, binti?" Swali hilo lilinitoa jasho kwenye safari 18 za Zanzibar. Nilikaa kiti cha kulia cha Caravan, ndege inayoruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, sina jukumu lolote. Nilikuwa abiria mwenye hedseti. Saa 6.3 zikaondoka. Saa 5 za simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, nazo akazitoa kwenye jumla, zina safu yake. Mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo inayoamua zihesabiwe kiasi gani.

Kilichoniuma zaidi ni mita ya injini. Shuleni tulizoeshwa kunakili namba yake, nayo huanza kuhesabu injini ikiwaka. Saa ya kuruka inaanza ndege inaposogea kwa nia ya kupaa, inaisha inaposimama kabisa mwisho wa safari. Kwa hiyo ndege kutembea kwenye teksiwei, njia ya kwenda ruwei, kunahesabiwa, ila kukaa kwenye maegesho injini inaunguruma hakuhesabiwi. Bahati nzuri karatasi zangu za gotini, ninazoandikia muda nikiwa safarini, ninazo zote, tukalinganisha: safari 14, kila moja imezidi dakika sita. Saa 1.4. (Kijana wa helikopta niliyemkuta pale, kwao hesabu inaanza panga zinapoanza kuzunguka mpaka zisimame.)

Hafuti kitu. Anakuelekeza ukate kwa mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, uandike namba sahihi pembeni na utie saini. Pia alinirekebishia muda: saa mbili asubuhi ya Dar inaandikwa 0500, maana kitabu changu kinafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na mahali pengine nilikuwa nimeandika 0800.

Nimebaki na 195.7. Nililia kidogo kwenye bajaji, lakini afadhali barazani kwake kuliko mbele ya mkaguzi wa Mamlaka, ambako mstari mmoja wa uongo unatia shaka kitabu kizima.

Nilimlipa shilingi 60,000. Kasoro yake ni kwamba hakupi ripoti ya maandishi, kwa hiyo nenda na daftari uandike mwenyewe. Barazani kuna joto kali mchana, na Jumamosi anachukua watu watatu tu. Ukifika baada ya saa nne umechelewa.