Wamenikatia The Third Man palepale penye utamu

Nimelipa hela yangu, tena si kidogo, niitazame The Third Man kwa raha zangu, halafu hawa wauza filamu wa mtandaoni wakanifanyia kitu ambacho hata wale wa sidii za kuchoma hawajawahi kunifanyia. Kama hujaiona ishia hapa, maana nitasema mwisho wake. Mwisho ndio kesi yenyewe.

Ni Vienna baada ya vita, mji umegawanywa kati ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi. Harry Lime anauza penisilini ya wizi iliyochakachuliwa, na wanaoumia ni watoto wenye homa ya uti wa mgongo. Mwongozaji Carol Reed hatuonyeshi sura ya mtoto hata mmoja. Unaona tu muuguzi akidondosha mdoli wa dubu. Nilinyamaza kabisa hapo, na mimi si mtu wa kunyamaza mbele ya runinga.

Sasa, mwisho. Anna, mpenzi wa Lime, anatoka makaburini, njia imenyooka, majani yanadondoka. Holly, rafiki wa Lime, anamsubiri kando. Mwanamke anakuja, anakuja, bado yuko mbali kama kidole, mara picha ikasinyaa ikajibanza kwenye kona! Skrini nzima tangazo la filamu ya magari, na sekunde zinahesabiwa. Nikahangaika na rimoti, ikanipeleka hukohuko kwenye magari.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, sehemu hiyo ni ya majina ya washiriki, filamu inakuwa imeshaisha."

Imeshaisha? Graham Greene aliyeiandika alitaka wawili hao waondoke pamoja, Reed akagoma, na baadaye Greene mwenyewe akakiri kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi. Watu wazima wamebishana kwa ajili ya dakika hiyo moja ya filamu ya mwaka 1949, leo wewe unaniambia ni majina!

Nilikuja hapa kuwapa nyota moja. Ila niseme kweli, picha ni safi mno. Mawe ya barabarani yamelowa yanang'aa, paka yuko miguuni, taa inawaka dirishani na uso wa Orson Welles, anayemwigiza Lime, huo hapo mlangoni, anatabasamu bila haya. Zita, ile ala ya nyuzi anayoipiga Anton Karas, inasikika kila uzi. Basi nyota tatu. Hapana, ngoja. Picha ile ni kazi ya mpiga picha wa filamu hiyo, Robert Krasker, aliyepewa Oscar kwa ajili yake. Kazi yao wao ni ile kona. Moja.

Mkiitazama huko, ingieni kwanza kwenye mipangilio mzime ile ya kuchezesha filamu inayofuata. Wameificha chini kabisa. Hela nimedai, hawajajibu. Mwezi ukiisha najitoa, ingawa nimeona wanayo pia Odd Man Out ya Reed huyohuyo, kwa hiyo sijui.